Mume wa Siku ya Upepo

Siku zenye upepo mkali Onésime hakuwa na kazi. Alikuwa mwosha vioo wa yale maghorofa marefu ya maofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord, mjini Brussels, na upepo ukizidi, msimamizi hamruhusu mtu kuning'inia kwenye kamba huko juu. Ndiyo maana Jumanne moja ya Februari mwaka 2013, upepo ulipokuwa ukirusha mapipa ya taka barabarani, Onésime alipanda tramu akaenda kwa Mauwa kumtengenezea bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu Krismasi. Angejilalia zake siku hiyo, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Onésime ni mtu wa kusaidia, na mtu wa kusaidia hakai akatulia.

Mauwa alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Uvira, mwanamke wa maneno machache yaliyonyooka. Aliingia Ubelgiji akiwa mkimbizi, akasugua ngazi za majumba ya watu mpaka mgongo ukamgomea, na sasa alikuwa amerudi darasani kusomea kazi ya kutunza wazee. Alipokuwa akisoma aliishi kwa msaada wa CPAS, ile ofisi ya manispaa inayowasaidia wasio na kipato. Msaada wake ulikuwa wa mtu anayeishi peke yake, isolée kwa lugha yao, na hapo ndipo penye mzizi wa mambo yote. Anayeishi peke yake hupewa kiasi kizima. Anayeishi na mwenzake hukatwa, kwa hoja kwamba wawili wakipika chungu kimoja gharama hupungua, na mwenzake akiwa na mshahara, nao huingizwa kwenye hesabu. Mauwa akikatwa, hangeweza kulipa nyumba na kumaliza masomo kwa pamoja. Kimoja kingemshinda.

Yeye na Onésime walikuwa wachumba kwa miaka miwili, na kanisa zima lilijua. Jambo ambalo kanisa halikulijua ni kwamba mahari yalikuwa bado. Na kwa kuwa yalikuwa bado, Onésime hakuwahi kulala kwa Mauwa hata usiku mmoja. Alikuja, akala, akaongea, na ikifika jioni alivaa koti akarudi kwenye chumba chake kule nyuma ya stesheni. Utacheka, watu wazima wawili, katikati ya Brussels, hakuna jirani Mbelgiji anayejali nani analala wapi. Lakini Mauwa alikuwa amesema hivyo, na Mauwa akishasema amesema.

Basi Jumanne ile Onésime alijilaza chini ya sinki na spana mkononi. Bomba likamshinda nguvu, maji yakamrukia, shati likalowa chepechepe. Akalivua, akalianika juu ya kiti karibu na kipasha joto, akavaa ndala za Mauwa ili asiteleze, akaendelea na kazi. Wakati huohuo kengele ikalia.

Mlangoni alisimama dada mmoja mwenye mkoba mkubwa, msaidizi wa jamii kutoka CPAS, mpya katika faili la Mauwa. Alikuwa amekuja kwa ziara ya kawaida ya kuona mazingira ya mtu. Aliingia, akasalimu vizuri, akatazama sebule, akatazama jikoni. Huko akaona mwanamume kifua wazi, ndala miguuni, shati kitini, akijipangusa uso kwa taulo la vyombo.

“Na bwana, wewe ni nani?” akauliza kwa Kifaransa.

Sasa Onésime, ambaye ulimi wake haujawahi kungoja ruhusa, aliona hatari moja tu mbele yake, nayo haikuwa hatari ya CPAS. Aliona mwanamke wa watu, mjane wa heshima, amekutwa na mgeni nyumbani kwake mchana kweupe akiwa na mwanamume asiye chochote kwake, tena asiye na shati. Kwao Kivu aibu ya namna hiyo mwanamume hamwachii mwanamke aibebe. Akajinyoosha, akatoa kifua mbele, akatangaza:

“Mimi ndiye mume. Mimi ndiye mkuu wa nyumba hii.”

Mauwa alifungua kinywa, akakifunga. Angesemaje? Amwite Onésime mwongo mbele ya mgeni? Alimeza maneno, na dada yule akaandika. Hakumuuliza Mauwa chochote, akaaga, akashuka ngazi.

Chini alikutana na Berthe. Huyu Berthe aliishi ghorofa ya kwanza, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, kiongozi wa kwaya, rafiki wa Mauwa wa kufa na kuzikana. Dada wa CPAS akamuuliza kwa adabu kama yule bwana wa juu anaishi humu. Berthe akaiona hatari ileile aliyoiona Onésime. Mgeni anachunguza habari za wanaume wa Mauwa! Akamlinda rafiki yake kwa moyo wote.

“Mais oui!” akasema. “Ni mume wake kabisa. Mtu mzuri sana, tunamwona kila siku.”

Kila siku! Mara moja kwa wiki ndiyo ilikuwa kweli, labda mbili upepo ukivuma. Lakini Berthe hapunguzi wema.

Wiki tatu baadaye uamuzi ukaja. Mauwa si mtu wa peke yake tena. Ni cohabitante, anayeishi na mwenzake, na msaada wake unakatwa kuanzia mwezi unaofuata. Mauwa aliusoma akiwa amesimama ukumbini, akausoma tena akiwa amekaa, kisha akalia kwa hasira mpaka kichwa kikamuuma. Kilichomchoma si kukatwa peke yake. Alikuwa ameozeshwa na watu wawili waliompenda na mmoja asiyemjua, na yeye mwenyewe alikuwa papo hapo, amefunga mdomo.

Alimwita Onésime uwanja wa Flagey, kwa sababu hakutaka kugombana naye mahali Berthe angeweza kusikia. Walisimama kwenye foleni ya chipsi, baridi ikiwakata masikio.

“Mauwa, pardon,” Onésime akaanza kabla hajaulizwa. “Lakini ningefanya je? Ule mwanamuke angenikuta miye muntu bure, bila chemise, ndani ya nyumba yako. Angesema nini juu yako?”

“Angesema uko fundi ya robinet.”

“Fundi bila chemise?”

“Fundi mwenye chemise yake imelowa! Ilikuwa pale ku kiti, macho yake yote mbili ilikuwa inaiona!”

Watu wa foleni wakageuka. Onésime akapunguza sauti.

“Bon. Alors, tufanye hivi. Bashakata, bashamaliza. Basi nihame tu. Samedi nalete valise yangu na manguo yote. Tutalipa nyumba moja pahali ya mbili, na ile uongo itakuwa kweli. Mambo inakwisha.”

Na ukweli usemwe, Mauwa alitamani. Alimpenda mwanamume huyu mwenye maneno mengi, na alichoka kumsikiliza akishuka ngazi kila alipomtembelea. Ilikuwa rahisi mno, ilihitaji tu anyamaze kama alivyonyamaza siku ile. Alitazama chipsi zake zikipoa.

“Hapana,” akasema. “Nikikubali, ile assistante njo atakuwa ameniozesha. Si tonton, mjomba yangu, si weye, si miye. Bwana yangu ataingia siku miye nitamufungulia mulango, si siku bureau itaandika.”

“Sasa utafanya je?”

“Naenda ku tribunal.”

Onésime akapaliwa na chipsi.

Wakili alipatikana bila malipo, kijana wa kike mwenye baiskeli na kofia ya kuendeshea, akili yake kali. Alimsikiliza Mauwa hadi mwisho, akamwambia kesi za namna hii husikilizwa na mahakama ya kazi, na kwamba sheria haiangalii nani anampenda nani. Inauliza mambo mawili: je, wanaishi chini ya paa moja, na je, wanaendesha nyumba kwa pamoja?

“Onésime ana chumba chake, ana mkataba, analipa umeme,” wakili akasema. “Hilo ni jema. Lakini yeye mwenyewe alisema ni mume na mkuu wa nyumba. Jirani alithibitisha. Nani anaweza kuja kusema kwamba haishi kwako?”

Mauwa akafikiri. Waliojua ukweli walikuwa watatu: Onésime, Berthe, na mjomba wake Jean-Baptiste. Na wote watatu walikuwa wameshasema kinyume chake mbele za watu.

Maana na mjomba naye alikuwa na lake. Jean-Baptiste, tonton kwa kila mtu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wa Mauwa hapa Ulaya, na ndiye aliyepokea mahari. Onésime alikuwa ametoa yote isipokuwa kitu kimoja: mbuzi wa mjomba. Alitaka kumtoa kwa bahasha ya pesa, kama watu wote wa Brussels wanavyofanya. Tonton akakataa katakata. Ng'ombe walishageuka bahasha, blanketi la mama lilishageuka bahasha, lakini mbuzi wa mjomba hageuki, atakuja na miguu yake minne. Sasa Onésime angempata wapi mbuzi mzima, na angempandisha tramu gani? Akapiga danadana, mwaka ukapita. Na tonton, kwa kuona haya kwamba mchumba wa mpwa wake anachelewa hivyo, akatangaza kwenye sherehe moja ya ubatizo kwamba mahari yamekwisha. Watu wakapiga vigelegele. Mauwa alikuwa jikoni akigawa wali, akavisikia vigelegele bila kujua wakati huo kuwa ni vyake.

Alianza na Berthe, kwa kuwa alikuwa karibu.

“Miye? Miye chef ya chorale, nisimame mbele ya juge niseme nilisema uongo?” Berthe akashika kifua. “Mauwa, unataka kuniua!”

“Juu ya nini ulisema eko anakaa hapa?”

“Juu ya kukufunika! Ule mutoto alikuwa anauliza-uliza.”

“Najua, mama. Ulinifunika na uongo, baridi ikaniingia. Sasa unifunike na kweli.”

Siku tatu Berthe hakusalimu hata ngazini. Siku ya nne aligonga mlango akiwa na sahani ya sambusa, akakaa, akala nne peke yake, akasema, “Audience ya kesi ni siku gani? Nataka kujua nivae nini.”

Tonton alikuwa mgumu zaidi. Aliishi upande wa pili wa mji, katika nyumba iliyojaa picha za mazishi na harusi, na alimsikiliza Mauwa akiwa amefumba macho.

“Nisimame mbele ya bazungu niseme mbuzi yangu haijafika,” akasema polepole. “Na batu ya Uvira bote basikie nilisema uongo ku baptême. Batanicheka, Mauwa.”

“Bacheke, tonton. Miye njo nakatwa. Kama ulisema dot, ile mahari, imekwisha, basi miye ni bibi ya muntu, na CPAS iko na haki. Kama haiyakwisha, miye ni mutoto yako bado, na unapashwa kunisimamia. Chagua moja.”

Mzee akafumbua macho. Alimtazama, na Mauwa akaona kwamba amekasirika. Kisha akaona kwamba hakumkasirikia yeye.

“Nitakuja,” akasema. “Lakini mbuzi, ule bwana ataileta.”

Kesi ilisikilizwa Septemba. Jengo la mahakama ni kubwa la kutisha, na Mauwa alipanda ngazi zake akiwa amevaa kitenge kipya na viatu vinavyobana. Nyuma yake alikuja Berthe, na nyuma ya Berthe ikaja nusu ya kwaya, maana Berthe hajui kwenda mahali peke yake. Tonton alikuwa ameshafika, suti nyeusi, kofia mapajani. Onésime alivaa tai iliyomnyonga, na kwa mara ya kwanza tangu Mauwa amjue, hakuwa na la kusema.

Hilo ndilo lililomtia hofu Mauwa. Onésime mwenye maneno alimwangusha, lakini Onésime asiye na maneno angemzika kabisa. Alijua kinachomkaba. Nyuma yao walikaa watu wote ambao mbele yao mwanamume huyu alikuwa akitembea kama mume aliyekamilisha mambo yake. Kumsaidia Mauwa, ilimpasa ajivue hilo shati nalo.

Jaji alikuwa mama wa makamo, miwani puani, sauti ya upole. Wakili wa CPAS aliongea kwanza, kwa kifupi na bila chuki. Alisema hapa hapana cha kubishania. Bwana alikutwa kifua wazi, amevaa ndala za nyumbani, akajitaja kwa kinywa chake kuwa mume na mkuu wa nyumba. Jirani akasema hivyohivyo. Ushahidi gani zaidi ulitakiwa?

Jaji akamwita Onésime.

“Bwana, ulisema maneno hayo?”

“Ndiyo, mheshimiwa.”

“Yalikuwa kweli?”

Onésime aligeuka akatazama nyuma, akaiona kwaya, akamwona tonton. Kisha akamtazama Mauwa. Mauwa hakumkonyeza wala kumsihi. Alimtazama tu.

“Hapana,” Onésime akasema. “Mimi si mume wa mama huyu. Nataka kuwa mume wake, nataka sana, kila mtu humu anajua. Lakini mume kwetu ni aliyemaliza mahari, na mimi sijamaliza. Nimewaacha watu waamini nimemaliza, kwa sababu ya kiburi. Sijawahi kulala nyumbani kwake. Kila jioni narudi kwenye chumba changu, na kina baridi.”

Mtu wa kwaya akaguna. Jaji akainama mbele.

“Basi kwa nini ulisema wewe ni mume?”

“Mheshimiwa, nilikuwa sina shati. Ningesema mimi si mume, yule dada angemfikiriaje mama huyu? Nilitaka kumpa heshima. Nilidhani nampa.”

“Na kilichobaki kwenye mahari ni nini?”

“Mbuzi.”

Jaji alivua miwani. “Mbuzi mmoja?”

“Mmoja.”

“Na haiwezekani kumlipa kwa—”

“Non, madame!” Tonton alikuwa amesimama kule nyuma, kofia imeanguka. “Mbuzi ni mbuzi!”

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na karani akagonga meza mara nyingi kabla watu hawajatulia. Hata wakili wa CPAS alijificha nyuma ya karatasi zake. Tonton hakuona la kuchekesha. Alipoitwa mbele alieleza, kwa Kifaransa cha mwalimu wa zamani, kwamba yeye ndiye aliyewadanganya watu kwenye ubatizo, na kwamba mpwa wake hajatoka mikononi mwake. Berthe akafuata, akakiri kwamba “kila siku” yake ilikuwa ya wema, si ya kalenda.

Mwishoni jaji akamuuliza Mauwa kama ana la kuongeza. Wakili alikuwa amemshauri aseme hapana, kwa kuwa mambo yalikuwa yakienda vizuri. Mauwa akasimama.

“Mheshimiwa, mimi nilikuwepo siku ile,” akasema. “Nyumba ni yangu, mkataba wa nyumba una jina langu, na nilikuwa nimesimama pale jikoni. Bwana huyu aliulizwa kama ni mume. Jirani aliulizwa kama ni mume. Hakuna aliyeniuliza mimi kama nina mume. Na mimi nilinyamaza, hilo ni kosa langu. Ndiyo maana leo nimekuja kusema. Nikiwa na mume nitawaambia. Sitamficha, kwa maana simwonei haya. Lakini atakayesema ni mimi.”

Akakaa. Nyuma yake Berthe alisema “Amen” kwa sauti ambayo karani aliamua kutoisikia.

Hukumu ilitoka mwezi uliofuata. Mahakama ilisema haikuthibitika kwamba wawili hao wanaishi chini ya paa moja wala kwamba wanaendesha nyumba pamoja, na neno lililosemwa kwa ajili ya heshima ya mtu haligeuki kuwa kitanda na meza. Mauwa alirudishiwa haki yake yote, kuanzia siku aliyokatwa. Wakili alimpigia simu akiwa barabarani juu ya baiskeli yake, akipiga kelele kushinda magari. Mauwa alitoka ukumbini mwake akapiga kigelegele kimoja kwenye ngazi, na Berthe akakiitikia kutoka chini. Mzungu wa ghorofa ya tatu alifungua mlango kuuliza kama kuna moto. Wakamvuta ndani, wakampa sambusa.

Onésime alitaniwa na mji mzima. Pale Chaussée d'Ixelles, kwenye maduka ya Wakongo, hata watu asiowajua walimwuliza kama upepo umetulia. Aliyapokea yote kwa kucheka, na Mauwa akagundua kwamba anampenda zaidi hivi alivyovuliwa. Mwanamume aliyekubali kuwa mdogo mbele ya kwaya ili yeye asimame wima, huyo si wa kuachia.

Na mbuzi akapatikana. Onésime alimpata kwa mkulima mmoja wa Kibelgiji, mwendo wa saa moja nje ya mji, na Jumapili moja ya mwezi Novemba magari mawili yaliyojaa jamaa yakaenda kumpokea. Tonton aliingia zizini na suti yake nyeusi. Akamshika mbuzi sikio, akamtazama meno, akamsukuma aone kama anatembea sawa. Mbuzi akalia. Tonton akasikiliza kile kilio kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa, kisha akamgeukia Onésime, akampa mkono, machozi yakimlengalenga.

“Sasa,” akasema, “uko mukwe yangu.”

Mkulima hakuelewa kitu, lakini alipiga makofi kuliko wote.

Siku hiyohiyo, wakirudi, Berthe alimwinamia Mauwa kwenye kiti cha nyuma akamnong'oneza shauri lake. Masomo yanakwisha Juni. Miezi ni michache. Hakuna mtu wa CPAS atakayethubutu kugonga mlango wake baada ya aibu ile ya mahakamani. Onésime ahamie kimyakimya, jina lake libaki kule kwenye chumba chake, na Mauwa aendelee kupokea kiasi kizima mpaka apate kazi.

“Nani atajua?” Berthe akauliza.

“Miye,” Mauwa akasema. “Sikupigana juu ya kumuficha, mama.”

Hesabu aliifanya, usidhani alikuwa mjinga. Alijua kwamba mshahara wa Onésime ukiingizwa, msaada wake utabaki kidogo sana au hautabaki kabisa. Alijua vilevile kwamba chumba chenye baridi hakitalipiwa tena, na kwamba watakaza mkanda hadi Juni. Ingekuwa vigumu, ila watu wawili wangekaza pamoja, na hilo yeye mwenyewe ndiye aliyelichagua.

Jumatatu asubuhi alikwenda CPAS bila kuitwa. Onésime alimsindikiza, lakini Mauwa alimwambia abaki nje kando ya mlango, na safari hii akatii bila kutoa hotuba. Dada mwenye mkoba mkubwa alipomwona Mauwa akiingia, uso ulimbadilika, akajiandaa kwa ugomvi.

“Nimekuja kutoa taarifa,” Mauwa akasema. “Kuanzia leo nitaishi na mume wangu. Jina lake ni Onésime. Anaosha vioo. Andika.”

Dada yule hakuandika. Alimtazama kwa wasiwasi wa kweli.

“Madame, umeshinda juzi tu. Ukitangaza hivi, utapoteza. Pengine yote. Unaelewa?”

“Naelewa.”

“Sasa ulipigania nini?”

“Nilipigania hii siku ya leo,” Mauwa akasema. “Andika, dada yangu. Bwana yuko nje, anasikia baridi.”

Dada akaandika. Alipomaliza alisimama, akasita, akampa Mauwa mkono na kumtakia ndoa njema. Ilikuwa dhahiri kwamba anasema kutoka moyoni, na Mauwa akaupokea mkono ule kwa mikono miwili, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na kinyongo na mtu yeyote duniani.

Nje Onésime alikuwa akirukaruka mguu huu na mguu ule kujipasha joto.

“Alors? Banasema nini?”

“Banasema nimepoteza,” Mauwa akajibu, na kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa cha tumboni ambacho hakuwa amekicheka tangu Uvira, mpaka wapita njia wakatabasamu bila kujua sababu. Akamshika mumewe mkono mbele ya mlango wa ofisi, mbele ya watu wote wanaoingia na kutoka. “Twende. Tuchukue valise yako.”